Dakika Tano kwa Siku

Neno langu la kwanza baada ya siku ishirini na moja za kimya lilikuwa "Shikamoo." Mama alikuwa ameinamia cherehani, pini nne kazibana midomoni. Aliposikia, mguu wake ukaacha kukanyaga. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifuko cha pini alichokifunga mkononi, ndipo akageuka.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Haya. Kumbe imo."

"Sekunde mbili," Shangazi akadakia kutoka kwenye kochi, akabonyeza saa yake ya mbio.

Shangazi yangu alifundisha michezo shuleni miaka thelathini na mbili. Amestaafu, lakini ile saa ya kuning'iniza shingoni hakuirudisha, na filimbi anayo pia, tunamshukuru Mungu kwamba aliisahau kwake. Daktari alipoandika kwamba kuanzia siku ya ishirini na mbili naruhusiwa kuzungumza dakika tano kwa siku na si zaidi, Shangazi hakungoja kuombwa. Alifika alfajiri kushika saa. Nikifungua mdomo, anabonyeza, nikifunga, anabonyeza.

"Na usimnong'oneze mtu," akanikumbusha, kana kwamba koo ni lake. "Kunong'ona ni sumu. Imeandikwa pale."

Nikatikisa kichwa. Kutikisa kichwa hakukuhesabiwa.

Iliandikwa pale, kweli. Karatasi ya daktari Mama aliibandika ukutani juu ya cherehani, kati ya vipimo vya wateja. Nilikuwa na vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti, kimoja kulia na kimoja kushoto, pale zinapogongana. Daktari wa koo, mwanamke mfupi mwenye mikono ya baridi, alinionyesha picha ya vinundu kwenye mashine. "Hizi ni sugu," alisema. "Kama za mshika jembe. Koo lako limefanyishwa kazi isiyo yake." Akanitaka nihesabu moja hadi ishirini kwa sauti ya kuzungumza, akafumba macho akisikiliza. Halafu akataka nimwimbie kipande cha nyimbo zangu, akanikatiza kabla sijafika katikati.

"Nani alikutuma uimbe huko juu?" aliuliza. "Sauti yako inakaa chini, binti. Ni nzito, ina pumzi ndefu, inataka nyimbo za taratibu. Umekwenda kuishi darini miaka yote hii, na una nyumba nzima chini."

Masharti yakafuata: kimya wiki tatu, kujifukiza kwa mvuke asubuhi na jioni, maji kila saa, kutokohoa ili kusafisha koo, kutopiga kelele, kutonong'ona, kutolia kwa kwikwi. Hilo la mwisho hakuwa na haja ya kulikataza. Tangu siku ile sikutoa hata chozi moja. Majirani walidhani najikaza, wakanisifu. Sikuwa najikaza. Ndani yangu palikuwa pametulia kama ukumbi siku ya Jumatatu asubuhi, viti vimepinduliwa juu ya meza, hakuna mtu. Nilikula kwa sababu chakula kimewekwa. Nililala kwa sababu taa imezimwa.

Jina nililopewa nilipozaliwa halina kazi katika habari hii, maana jukwaani hakuna aliyelijua. Waliniita Kengele wa Pili. Kengele wa kwanza, Kengele mwenyewe, aliondoka kwenye bendi miaka sita iliyopita kwenda kuimba kwingine, akaacha vitu vitatu: nyimbo kumi na moja, gauni la bluu la jukwaani, na Solo. Mimi nilirithi vyote vitatu. Gauni, Mama alilipunguza kiunoni na kulishusha pindo. Nyimbo hakuna aliyezishusha. Niliziimba pale pale alipoziacha mwenzangu, na nilipozifikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama kwa ncha za vidole, nilijiona nimefaulu mtihani. Na Solo, siku ile ile, aliniangalia mpaka akasahau kuzima gitaa.

Solo ni mpiga gitaa la solo na ndiye kiongozi wa bendi, mtunzi wa nyimbo zote kumi na moja. Wimbo uliotupatia jina ni "Nirudishie Mwavuli." Mwanamke ameachwa, na aliyemwacha ameondoka na mwavuli wake, yeye hataki maelezo, hataki kuombwa radhi, anataka mwavuli. Mwishoni neno "mvua" linapanda, linapanda, halafu linasimama huko juu hesabu nane. Jumamosi moja mlevi mmoja alifungua mwavuli wake ukumbini sauti ilipofika kileleni. Jumamosi iliyofuata walikuwa kumi. Baada ya mwaka, mvua inyeshe isinyeshe, watu walikuja na miavuli, na mimi nikifika pale juu, ukumbi mzima unafunguka paa! paa! paa! Nilikuwa nikiona rangi tu. Sijui binadamu gani angeona vile akasema hapana, mimi sauti yangu ni ya chini.

Saa kumi alasiri mvua ilianza kunyesha, na saa kumi na robo tukasikia hodi.

"Karibu," Mama akasema bila kuinuka.

Solo akaingia. Akaliegemeza gitaa ukutani, likiwa ndani ya mfuko wake, na mwavuli akausimamisha kando ya mlango ukidondosha maji. Naujua mwavuli ule. Mpini wake ulipasuka, akauzungushia waya wa gitaa uliokatika, na miaka miwili sasa haujaachia.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," Mama akajibu.

"Zimebaki dakika nne na nusu," Shangazi akamwambia, macho kwenye saa. "Nyingine ametumia kuomba chumvi na kumsalimia jirani. Zitumie vizuri."

Solo akanigeukia. Wiki tatu hatukuwa tumeonana. Nilimwomba hivyo kwa maandishi, maana kukaa naye bila kuzungumza nisingeweza. Alikuwa amekonda kidogo mashavuni, na shati limemlowa bega moja, lile la upande wa pili wa mwavuli, kwa sababu siku zote hulikinga gitaa kabla ya kujikinga mwenyewe. Akanitazama kama anavyonitazama, taratibu, kuanzia machoni, kushuka mdomoni, kurudi machoni. Nikamtazama. Nilijua nampenda kama mtu anavyojua namba ya mlango wa nyumba yake. Nilikuwa naisoma namba, lakini mlango haukufunguka.

Akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, akaniinamia sikioni.

"Mpenzi," akanong'ona. "Ninong'oneze na mimi. Hawa wasisikie."

"Sinong'oni tena," nikasema kwa sauti yangu ya kawaida.

Solo akarudi nyuma. Alinitazama mdomo, halafu akamtazama Mama, kama anayetafuta nani kasema.

"Sauti yako imeshuka," akasema.

"Haijashuka. Ndipo inapokaa."

"Itarudi?"

"Solo, haikwenda popote."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua acheke nini. "Haya, na hiyo ya kunong'ona? Hata mimi nimekatazwa?"

Nilijua swali hilo litakuja na nilikuwa nimelipangia sekunde zake. Miezi mitatu kabla ya kwenda kwa daktari, sauti ilipoanza kukwaruza, Solo aliniambia nisizungumze kabisa nje ya jukwaa. Ninong'one tu, sauti ipumzike. Kila siku baada ya mazoezi tulikuwa tukikaa kwenye ngazi za nyuma za ukumbi, bega kwa bega, tukinong'onezana mpaka giza linaingia. Hapo ndipo aliponiambia mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu. Hapo ndipo aliposema atawaleta wazee wake. Sijawahi kupendwa kama nilivyopendwa katika miezi ile mitatu.

"Kunong'ona kunazibana nyuzi kuliko kuzungumza," nikamwambia. "Daktari alishangaa. Alisema jukwaa lilianza kuumiza, na zile ngazi zikamalizia."

Akawa anasugua ncha za vidole vyake vya mkono wa kushoto, ambavyo vina sugu za nyuzi za gitaa. Zamani nilikuwa nikizigusa moja moja kama mtu anayehesabu. Sugu zake humsaidia kupiga. Zangu zilininyima kuimba.

"Unanilaumu," akasema.

"Hapana. Sote tulidhani tunaitunza."

"Mimi nilikuwa nakutunza wewe."

"Najua."

"Dakika tatu na sekunde hamsini," Shangazi akasema, halafu akaongeza kwa hesabu yake mwenyewe, "na muda wote huo hakuna aliyesema jambo la maana. Baba, umekuja kwa lipi? Maana wazee wako tumewangoja hadi viti vimechoka."

"Wifi," Mama akamwita taratibu.

"Aa, niache. Mwanamume mkono mmoja gitaa, mkono wa pili mwavuli. Mke atambeba kwa mkono gani?"

Siku nyingine ningecheka. Hata Solo alikaribia kucheka. Akajifuta uso kwa kiganja, akakaa wima.

"Nimekuja kwa sababu ya Jumamosi," akasema. "Mwenye ukumbi amechoka kungoja. Jumamosi tatu tumepiga muziki mtupu, watu wanakuja na miavuli yao wanarudi nayo imefungwa. Amesema Jumamosi hii asipoona mwimbaji, ukumbi atawapa wengine." Akautazama mwavuli wake kando ya mlango. "Na Kengele amepiga simu."

Cherehani, iliyokuwa imeanza kulia, ikanyamaza.

"Kengele yule?" Mama akauliza.

"Yule, Mama. Amesikia. Amesema yuko tayari kurudi, nyimbo anazijua, hata mazoezi hahitaji." Akanigeukia upesi. "Lakini sijamjibu. Nakuapia sijamjibu. Niambie nisimchukue, sitamchukua. Neno moja tu."

Nilingoja wivu uje. Nilimfahamu Kengele kwa picha na kwa gauni. Nilijua upana wa mabega yake kuliko nilivyojua wa ndugu zangu. Miaka sita nimekuwa nikiogopa siku atakayopiga simu. Sasa amepiga, na mimi nimekaa nasikiliza mvua ikigonga bati la jirani, nawaza kwamba Mama asipofunga dirisha vitambaa vitalowa.

"Nikikuambia usimchukue," nikasema, "Jumamosi ataimba nani?"

"Wewe. Nyimbo tatu tu. Nimeshapanga. Mbili nyepesi, halafu 'Mwavuli' wa kufungia. Ukumbi ukishaona miavuli, mwenye ukumbi atanyamaza, utapumzika tena mwezi mzima."

"Daktari amesema nisiimbe mwezi huu, na nikianza tena nianzie chini. 'Mwavuli' utaushusha?"

"Niushushe kiasi gani?"

"Mpaka nilipo."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile niliiona vizuri, ilikuwa ya kweli. "Mpenzi, wimbo ule ukishuka unakufa. Watu hawaji kusikia maneno. Wanaingoja ile ya juu."

"Basi tutunge nyingine."

"Nitunge nyingine." Alirudia kama jambo ambalo hajawahi kulisikia. Halafu akasema pole pole, akiangalia vidole vyake, "Nyimbo zile nilizitunga nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Zote nilizisikia huko juu, zikija zenyewe. Tangu hapo sijatunga hata mmoja. Ulikuwa hulijui hilo?"

Nilikuwa silijui. Miezi mitatu ya kunong'onezana kwenye ngazi, na hilo hakunong'ona.

"Dakika mbili na sekunde hamsini," Shangazi akasema, safari hii kwa upole.

Mama akauma uzi kwa meno. "Mwanangu," akamwambia Solo, "mimi ni mshonaji, muziki siujui. Lakini mteja akija na nguo ya mtu mwingine, mimi napunguza nguo, naongeza nguo. Sijawahi kumpunguza mteja ili akae ndani yake."

"Nakuelewa, Mama."

"Unanielewa, au unaniheshimu tu?"

Nikanyoosha mkono nikalionyesha gitaa.

"Lipige hapa," nikasema. "'Mwavuli.' Uanzie chini. Mara moja tu, nisikie."

Alisita. Halafu akalitoa gitaa kwenye mfuko, akalipangusa kwa kanzu ya mteja iliyokuwa juu ya mkono wa kochi, Shangazi akamnyang'anya kanzu, na kwa nukta chache chumba chetu kilikuwa chumba cha watu wanaopendana. Akanitazama tena. "Wapi?" akauliza.

"Sikiliza ninavyosema, tafuta hapo." Nikaanza kuyasema maneno ya wimbo. Sikuyaimba, niliyasema tu kama mtu anayemwambia jirani: nirudishie mwavuli wangu, sikuulizi ulilala wapi.

Alitafuta. Vidole vilishuka shingo ya gitaa, vikapanda kidogo, vikatulia. Akaanza kupiga. Nami nikaendelea kusema, yeye akinifuata, na nikasikia jambo ambalo kwa miaka sita sikuwahi kulisikia: kwamba maneno yale ni ya huzuni. Huko juu yalikuwa ya ushindi, watu waliyapigia miluzi. Huku chini mwanamke yule alikuwa amesimama mlangoni kwa mtu, amelowa, na mwavuli ni kisingizio. Mama aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani lisizunguke. Shangazi alikuwa ameangalia dirisha.

Tulifika kwenye ubeti wa mwisho, pale neno "mvua" linapoanza kupanda. Huku chini halikuhitaji kupanda. Lilihitaji tu kukaa. Nikavuta pumzi nilishike.

Solo akasimamisha nyuzi kwa kiganja.

"Siwezi," akasema.

Nikaiachia ile pumzi taratibu.

"Umekwenda vizuri," nikamwambia. "Kwa nini umeacha?"

"Namsikia mtu nisiyemjua."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe, nakuona ni wewe." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Lakini nikifumba macho simjui huyu. Nampenda yule anayefika pale juu akanitazama, na miavuli inafunguka, na mimi najua kwamba nyimbo zangu hazikufa. Nifanyeje? Nikudanganye?"

"Usinidanganye."

"Basi imba hiyo Jumamosi moja tu. Moja. Kisha tutatafuta daktari mwingine, tutafute dawa. Jumapili nawaleta wazee, nakuapia. Mama anasikia, Shangazi anasikia."

Shangazi akaigeuza saa kiganjani. Miaka miwili alikuwa akiidai siku hiyo, na sasa imeletwa mbele yake, hakujua aishike wapi.

Nilimtazama mwanamume huyu niliyempenda. Nywele zake zilikuwa na matone ya mvua ambayo hayajakauka. Nilikumbuka ngazi za nyuma, joto la bega lake, jinsi alivyokuwa akinipelekea maji ya moto kwenye chupa na kuyaonja kwanza yasiniunguze. Vyote nilivikumbuka kwa usahihi, kimoja kimoja, kama vitu vilivyopangwa kwenye rafu ya mtu mwingine.

"Daktari aliniambia nikiimba huko juu sasa, nyuzi zitavuja damu," nikasema. "Sauti haitarudi hata ya kuombea chumvi. Nilikuandikia hilo."

"Nilisoma."

"Ulisoma, na bado umekuja."

Akainamisha kichwa. Mwanamume mwingine angebisha, angesema sikuelewa vile, niliteleza. Solo hakubisha, na hilo ndilo lililonifanya nimpende tangu mwanzo, kwamba akiguswa penye ukweli hanyanyuki.

"Mchukue Kengele," nikamwambia. "Nyimbo ni zake. Zilikuwa zake siku zote, mimi nilizishika tu."

"Na sisi?"

Nilitafuta jibu. Nilitafuta kweli, nilishuka mpaka chini kabisa, na nikakuta viti vimepinduliwa juu ya meza.

"Sijui," nikasema. "Wiki tatu sijasikia kitu. Kikirudi nitakwambia. Lakini nikikwambia, nitakwambia kwa sauti hii."

Alikaa kidogo. Halafu akasimama, akalirudisha gitaa kwenye mfuko, zipu ikamkwama mara mbili. Akamuaga Mama. Akamuaga Shangazi, na Shangazi akamwitikia kwa heshima ambayo hajawahi kumpa. Mimi hakuniaga. Alifika mlangoni akageuka, akanitazama mdomoni, akatoka.

"Sekunde hamsini," Shangazi akasema, kwa sauti ya chini mno kwa mwalimu wa michezo.

Nilikwenda dirishani nilifunge, vitambaa visilowe. Tunakaa ghorofa ya pili, na barabara iko chini yetu. Solo alitokea mlango wa jengo, akaingia mvuani bila kitu kichwani. Alivuka barabara. Upande wa pili, kwenye nguzo ya taa, akasimama, akageuka, akainua uso akatazama dirisha letu. Mvua ilikuwa ikimpiga usoni na hakujikinga. Gitaa alikuwa amelikumbatia kifuani.

"Ameusahau mwavuli wake," Mama akasema nyuma yangu.

Nikageuka nikauona. Ulikuwa bado umesimama kando ya mlango, maji yake yamefanya dimbwi dogo sakafuni.

Shangazi alikuja dirishani, akasimama begani kwangu. Alimwona. Akavua ile saa shingoni, akaifunika kwa viganja vyote viwili.

"Mwite," akaniambia. "Sihesabu. Mwite, mtoto wa kaka yangu, kabla hajaondoka."

Sikuwahi kumsikia Shangazi akiniomba kitu. Na kumwita kulikuwa rahisi. Kutoka pale hadi kwenye nguzo, na mvua ile, sauti ya kuzungumza isingefika. Ingefika sauti moja tu, ile ya juu. Niliijua njia yake, nilikuwa na pumzi, mdomo ulikuwa tayari umeshafunguka. Jina lake lina irabu nzuri za kushika. Ningelishika hesabu nane, naye angevuka barabara akikimbia, angepanda ngazi mbili mbili, na Jumapili wazee wangekuja. Ningeweza pia kushuka ngazi na mwavuli mkononi, nani angenizuia? Lakini hakuwa akingoja miguu yangu. Alikuwa akingoja kuitwa, na nilijua anangoja aitwe na nani.

Nikafunga mdomo.

Alingoja. Alikohoa, akabadilisha gitaa mkono. Akatazama juu tena. Mara ya tatu alipotazama, aliinua mkono kidogo, si kwa kupunga, ni kama mtu anayetaka kuomba kitu kisha akaona aibu. Halafu akageuka akaenda zake, akishika ukuta wa maduka. Nilimtazama mpaka kwenye kona. Pale kwenye kona hakugeuka.

Nikafunga dirisha.

Shangazi alirudi kwenye kochi akaketi, saa ingali imefunikwa. Mama akainuka. Alichukua kitambaa cha sakafu, akapangusa lile dimbwi, akauacha mwavuli pale pale ulipo.

"Mama," nikasema.

"Naam, mwanangu."

"Lile gauni la bluu, lifumue."

"Pindo?"

"Lote. Kisha nipime upya."

Mama akanitazama kwa muda. Halafu akaivuta tepu iliyokuwa imening'inia shingoni mwake, akanisogelea, akanisimamisha penye mwanga kama mteja. Kwa kawaida huanzia mabegani. Siku ile alianzia shingoni. Akaizungusha tepu kooni kwangu, taratibu, akaingiza kidole kimoja ndani yake ili ipatikane nafasi ya kupumulia.

Tepu ilikuwa ya baridi. Nikashtuka mwili mzima.

"Baridi?" Mama akauliza.

"Ndiyo," nikamwambia. "Naisikia."

Shangazi hakubonyeza kitu. Na mimi nikiwa nimesimama pale, kidevu juu, kidole cha Mama kooni, machozi yakaanza kunitoka, mengi, bila kwikwi hata moja, kama nilivyoandikiwa na daktari.